Kondishena Isiyonukia

Nyie vijana mtakaosoma haya, najua mtacheka kwanza. Bibi mzima anaandika habari za kondishena! Chekeni. Mkimaliza kaeni mnisikilize, maana jambo lililonitetemesha kuliko yote katika uzee wangu lilikuwa ndani ya chupa ya plastiki.

Mjukuu wangu, niliyemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki, ana nywele nyingi na ngozi ya kichwa nyepesi kama ya mtoto mchanga. Huku kwetu Shumba mvua ikianza hewa inakuwa nzito, nguo hazikauki, na nywele zake zinatimka hata mtandio haukai. Masika iliyopita alichoka kuchekwa na wenziwe. Akaenda saluni, akapakwa dawa ya kulainisha, akarudi ananukia nyumba nzima. Alfajiri nilipomwamsha kwa sala akageuka, nami sikumjua. Paji limevimba, macho yamefunga, kichwani yanatoka maji.

"Bibi, mbona giza?" akaniuliza.

Na taa ilikuwa inawaka.

Hospitali daktari wa kike alitutibu vizuri, akanivuta pembeni. "Bibi, kichwa cha huyu hakitaki manukato. Safari hii yameishia machoni. Safari nyengine yanaweza kushuka kooni akakosa pumzi." Tangu siku hiyo, mtoto akikohoa tu mie nshasimama.

Akapona, nywele zilizonyonyoka zikaota tena. Ikaja posa, tukakubali, harusi ikawekwa wakati wa vuli, mvua na karafuu pamoja. Hapo hofu ikaanza upya. Bi harusi hutazamwa na wanawake wa upande wa mume, na cha kwanza kusemwa ni nywele. Nikamsikia chumbani analia, "Nitakaaje mbele yao na kichaka hiki?" Nikajua nisipomtafutia kitu, atajitafutia mwenyewe kwa siri.

Tukapanda gari ya Konde kwenda dukani, mie na yeye.

Mwenye duka alikuwa mwanamke mcheshi, maneno hayamwishi. Akatupangia chupa mezani. "Hii ya waridi, Bibi. Hii ya nazi. Hii ukipaka, mume hatoki nyumbani."

"Nataka isiyonukia kitu."

"Bibi wee! Unampeleka bi harusi au unampeleka hospitali?"

"Hospitali nishampeleka. Sasa nampeleka kwa mume, na nataka afike."

Akaniangalia, akaingia ndani kutafuta. Mjukuu wangu huku nyuma keshashika chupa yenye picha ya mwanamke wa nywele za kuteleza. "Bibi, hii imeandikwa ni ya ngozi nyepesi."

"Imeandikwa wapi?"

"Hapa mbele."

"Mbele kila mtu anajisifu. Geuza nyuma usome."

Mie Kizungu sikijui, nimesoma chuo cha Kurani na darasa chache tu. Lakini uso wa mtoto naujua. Alisoma, midomo inacheza, kisha akairudisha chupa polepole. "Ina manukato," akasema.

Mwenye duka akatoka na chupa nyeupe, haina picha, haina maua. Kondishena yake ilikuwa nzito na laini, ya kutuliza nywele wakati wa unyevunyevu, na nyuma ilisema haikutiwa manukato. Nikaifungua, nikanusa, hakuna kitu. Nikachovya kidole nikajigusa mdomo. Mie tangu usichana kila kitu nakipitisha mdomoni kwanza, iwe chumvi, iwe mafuta, iwe sabuni.

"Bibi, si mchuzi huo!" mwenye duka akacheka mpaka akashika meza.

"Hii inamhusu mjukuu wangu kuliko mchuzi," nikamwambia, nikatema.

Nyumbani sikumruhusu kuipaka kichwani. Nilimpaka kidogo nyuma ya sikio na kwenye kunjo la mkono, nikamwambia asipaoshe mpaka kesho kutwa. Kila saa nilimwita. "Njoo nione masikio yako kama masafi." Alidhani namwonea. Akijikuna shingo, nainuka kumtazama. Hapakutoka kipele wala wekundu. Ndipo nikamwonyesha: osha nywele kwanza, kisha hii ipake katikati mpaka ncha, ngozi usiiguse, suuza sana, wala usifunge mtandio nywele zikiwa mbichi. Zikatulia. Si za kuteleza kama za kwenye picha, lakini zilikaa, na mtoto akacheka kwenye kioo. Mie nikaingia chumbani nikakaa kitandani, nikamshukuru Mungu.

Siku ya kumwosha kwa ajili ya harusi, nyumba ilijaa wanawake. Shangazi yake alikuwa amekuja kutoka Gando, ndugu wa baba yake, mtu mwenye mapenzi na mikono isiyotulia. Ndiye aliyeanza kumwosha uani. Mie nikaenda kumalizia. Mtoto ameinamisha kichwa kwenye beseni, nikamimina kondishena kiganjani. Nilisikia harufu ya karafuu, lakini wakati ule karafuu zilianikwa kila ua, majamvi kwa majamvi, kijiji kizima kinanuka hiyo. Sikuijali. Kwa mazoea tu nikajigusa mdomo.

Mdomo ukaungua, kisha ukafa ganzi, kama mtu aliyetiwa dawa ya jino.

"Inua kichwa!" nikapiga kelele. "Nani katia kitu humu?"

Shangazi mtu akatoka jikoni anafuta mikono. "Mimi, mama. Matone tu ya mafuta ya makonyo. Bi harusi gani asiyenukia? Na hayo ni yetu, yanatoka kwenye mkarafuu wetu, si madawa ya saluni."

"Umempaka?"

"Kidogo tu, kisogoni."

Nilimsukuma mtoto chini ya bomba, nikaosha kisogo kwa maji na sabuni yake, nikaosha tena, maji yananiloa mpaka kifuani. Nikamkalisha mlangoni penye mwanga, nikamshika kidevu. "Niangalie. Usifumbe macho. Pumua. Sema kitu."

"Niseme nini, Bibi?"

"Sema chochote! Soma Alhamdu."

Akasoma. Nilikuwa nasikiliza koo lake, si maneno. Kisogoni wekundu ukatoka, ukapanda kidogo, nikamwambia mtu akaite gari tumkimbize hospitali. Daktari akamtazama, akampa dawa, akasema tumewahi. Macho hayakuvimba. Shangazi yake alilia njia nzima, "Nilitaka anukie tu, wallahi." Nilimwamini. Lakini sikuweza kumwambia si kitu, maana kilikuwa kitu.

Tuliporudi alitolewa mbele ya wanawake wa upande wa mume, nywele zimesukwa mabutu mawili, zimetimka pembeni kwa unyevu. Mmoja wao akanong'ona. Mie nilimwangalia mtoto anavyovuta pumzi, nikasahau kusikiliza.

Jioni ile, kabla watu hawajatawanyika, nililetewa kutoka Konde chupa mpya kama ile nyeupe, nikaiweka juu ya kabati mbele ya wote, nikasema, "Hii ni ya kichwa cha mtoto huyu. Haiguswi, haitiwi tone la kitu, wala la karafuu yetu wenyewe. Anayependa harufu, ajitie mwenyewe."