Kutoka Mkekani Mpaka Kwangu

Nilimpiga mke wangu wakati binti yetu ana miezi mitano, naye mtoto alikuwa mgongoni mwa mama yake, ndani ya mbeleko. Naliandika hili mwanzoni ili msomaji asije akanipenda kabla ya wakati.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nyumbani kwetu Uyole, mvua inapiga bati. Nilikuwa namrusha mtoto juu na kumdaka. Huo ndio mchezo pekee niliokuwa naujua, kwa sababu ndio pekee ambao baba yangu aliwahi kunichezea. Mke wangu akasema, “Basi, utamgonga kwenye boriti.” Alilisema mbele ya jirani aliyekuja kuomba moto wa mkaa. Akanipokonya mtoto, akamfunga mgongoni, akarudi kukoroga uji. Mimi ni mwalimu wa nidhamu wa sekondari, sikuzoea kuambiwa basi mbele ya watu. Jirani alipotoka tu, nikamzaba kibao.

Alipepesuka kinyumenyume kuelekea jiko. Akiwa anaanguka, alijipindua. Alijipindua ili asimlalie mtoto, akaangukia mkono wake juu ya mkaa, na sufuria ya uji ikamfuata. Nilisikia ngozi ikiungua. Mtoto hakulia. Alinitazama tu kutoka mgongoni, kidevu kimekandamizwa kwenye shingo ya mama yake.

Siku ya pili mke wangu alipanda basi kurudi kwao, Mlandege, Iringa, mkono umefungwa bandeji mpaka kiwikoni. Sikumzuia. Nilisema moyoni kwamba atarudi zikimwisha hasira, kana kwamba mwenye hasira alikuwa yeye.

Mimi nililelewa kwa mkanda. Baba yangu alikuwa mpasua mbao, na akirudi kutoka msituni hakuuliza kosa, aliuliza uko wapi. Niliujua mlio wa mkanda ukitoka kwenye suruali kabla hata sijajua kusoma. Nilijifunza kufunika kichwa kwa mikono miwili, viwiko vikiwa mbele, ili chuma cha mkanda kipige mfupa badala ya jicho. Kiwiko changu cha kushoto hakinyooki vizuri mpaka leo. Wanafunzi wangu walikuwa wakidhani najidai ninapotembea.

Wiki ya tatu nikaenda Mlandege. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alinikuta getini na hakunisalimia. Ngumi ya kwanza ilivunja jino, ya pili ilinikalisha kwenye mtaro wa maji machafu. Alikuwa ananiinua kwa kola anipe ya tatu, ikasikika sauti ya bibi yao kutoka uani, ikinisalimia kwa Kihehe.

“Kamwene, mume wangu! Na wewe, mjukuu wangu, mwachie, huyo nitampiga mwenyewe.”

Bibi mzaa mama wa mke wangu ana haki ya kunitania, nami ninaitwa mume wake tangu siku ya posa. Lakini siku hiyo utani wake ulikuwa na miiba. Kwenye kikao, damu ikinitoka mdomoni, baba mkwe alisema mengi ambayo sikuyashika. Mama mkwe hakutoka jikoni. Ya Bibi niliyashika yote.

“Mimi nakaa kwenye mkeka wangu pale uani na mtoto. Wewe utakaa kule kwenye mti wa parachichi. Siku mtoto akitambaa mwenyewe kutoka mkekani mpaka kwako, bila kuitwa, bila biskuti, siku hiyo tutaongea habari za kurudi. Asipokuja, urudi Uyole ukaoe ubao wako.”

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. “Maneno ya Bibi ni ya Bibi,” alisema. “Ila mtoto asipokuja, wewe usinitafute kabisa.”

Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili nilisafiri Jumamosi kutoka Mbeya, basi likisimama Nyololo nikinunua mahindi ya kuchoma na kujisemesha kama mwendawazimu. Na mwalimu ni mwalimu. Safari ya kwanza niliandika andalio la somo. Mada: Kucheza. Lengo mahususi: mwanafunzi aweze kucheka. Zana: viganja viwili, leso, vifuniko vya sufuria. Bado ninayo karatasi hiyo na bado inaniaibisha.

Nilianza na kujificha uso. Niliinua viganja nijifunike, niseme, “Baba yuko wapi? Huyu hapa!” Sikufika hata kwenye uso. Mikono ilipopanda tu, mtoto alifumba macho kwa nguvu na kuivuta shingo ndani ya mabega.

Shingo hiyo naijua. Nimeiona miaka yote kwenye mstari wa asubuhi, mwanafunzi akisikia hatua zangu nyuma yake. Nilikuwa nikiiona nafurahi, nasema nidhamu imekaa. Sasa ilikuwa kwenye mwili wa mtoto ambaye hata meno hajaota.

“Somo limeisha, mume wangu?” Bibi akauliza.

Ningependa kusema kwamba siku hiyo nilibadilika. Sikubadilika. Jumatatu niliwachapa Kidato cha Pili darasa zima kwa fimbo za mkaratusi, kisa kelele, na kila fimbo nilikuwa naiona ile shingo. Mvulana mmoja akapasuka kidole. Safari ya pili mtoto alinipa mgongo mchana kutwa, nikanyanyuka nikaupiga ukuta wa choo ngumi mpaka vifundo vikachubuka. Mtoto alilia saa nzima. Shemeji alitoka na bomba la chuma mkononi, akanitazama, akaliweka mlangoni ambapo ningeliona kila nikija.

Safari ya tatu Bibi alichoka kunicheka. “Wewe mwanaume umekaa hapo mrefu kama mlingoti. Hata mimi ningekuogopa. Lala chini.”

“Chini wapi, Bibi?”

“Kwenye vumbi. Kwani chini ziko ngapi?”

Nikalala kifudifudi na suruali yangu ya kazini, mikono nimeilalia chini ya kidevu. Kuku wakanipita. Niliona ulimwengu kutoka pale anapouonea mtoto: miguu ya watu tu, inakuja na kuondoka. Nilipuliza vumbi, likaruka. Mtoto akatazama. Nikapuliza tena, nikapaliwa, nikakohoa mpaka machozi, naye akatoa mlio mmoja mfupi. Bibi akasema huko ndiko kucheka.

Tangu hapo michezo yote tuliicheza kwa mbali, mimi tumbo chini. Nilitembeza vidole viwili ardhini kama mwizi wa mbuzi, vinasimama, vinasikiliza, vinakimbia. Nilisukuma kifuniko cha sufuria kikazunguka mpaka mkekani, naye akajifunza kukirudisha. Alipomaliza miezi tisa alikuwa anatambaa uwanja mzima, kwa Bibi, kwa shemeji, kwa kuku, isipokuwa kwangu. Kila akifika katikati alikaa kitako, akaniangalia mikono, akageuka. Shuleni nilikuwa nimeanza kuziacha fimbo ofisini, si kwa wema, ila kila nikizishika nilimwona mtoto akiniangalia mikono.

Siku aliyokuja, sikuwa nimefanya lolote. Nilikuwa nimekaa, nimechoka na safari, namenya parachichi. Mtoto alichukua mwiko wa Bibi, akashuka mkekani na kuja anatambaa, mwiko unagonga ardhi kila hatua. Alifika katikati. Hakukaa. Shemeji akazima mashine yake. Mtoto akafika, akashika goti langu, akajivuta, akasimama. Miezi kumi na moja, na mara ya kwanza kusimama alisimama kwa kunishika mimi. Moyo ulinipasuka kwa furaha.

Kisha akainua mwiko.

Sikufikiri. Mikono yangu yote miwili iliruka ikafunika kichwa, viwiko mbele, shingo ikaingia ndani ya mabega. Kisu na parachichi vilianguka. Nilisikia sauti ikinitoka, sauti ya mtoto wa miaka sita: “Nisamehe, Baba.” Na nikangoja pigo.

Mwiko haukunigusa. Nilichosikia ni kicheko. Binti yangu alidhani ndio ule mchezo wa kujificha uso, ambao hajawahi kukubali niucheze. Alitupa mwiko chini, akaanza kunibandua vidole, kimoja kimoja, kwa vidole vyake vilivyojaa mate na vumbi, mpaka akalipata jicho langu. Akacheka tena. Nikarudisha kidole nijifiche. Akakibandua.

Nilipoinua kichwa, Bibi alikuwa ananitazama bila utani hata kidogo. Mke wangu alikuwa ametoka mpaka uani. Kovu lake lilikuwa wazi, limekunjamana kutoka kifundo cha mkono hadi kiwikoni, na nikaona kwamba kilikuwa kiwiko cha kushoto, kama changu. Alikuwa ameyasikia yote niliyoyasema.

Mtoto alikuwa amekuja, bila kuitwa, bila biskuti. Nilichokuwa nakitafuta kwa miezi sita nilikuwa nimekipata, kimenishika goti. Nikamwambia mke wangu, “Usifunge mizigo. Bado. Mtu aliyejificha humu ndani mwangu anapiga akiogopa, na leo ndiyo kwanza nimemwona.”

Aliinama akamchukua mtoto, akampangusa vumbi magotini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

“Wala nilikuwa sijaanza kufunga,” alisema.