Écouteurs Bila Waya na Kilio cha Beu

Chekeni tu, maana kwaya nzima ilishacheka, na mimi ndiye besi wao. Ni mimi Kambale niliyesimama mbele ya watu wote wa mtaa wetu wa Beu, hapa Beni, nikauliza ni nani amekufa nyumbani kwangu.

Ilianza na écouteurs, zile spika ndogo za masikioni. Za waya nilikuwa nazo, nzima kabisa, lakini nikitoka Butembo kurudi Beni nilikuwa nimenunua mpya zisizo na waya, na nikaona haya kupanda gari na kamba inaning'inia shingoni (kiburi, wandugu). Nikajipigia hesabu: hizi zina betri yao ndani, donc simu itapumzika. Kumbe haipumziki, Bluetooth inabaki imefunguliwa njia yote ikirusha muziki masikioni, na hata kama inakula kidogo tu, simu yangu ni mzee na nilikuwa nimetoka na robo ya chaji.

Sasa, tangu vita, barabara yetu ina sheria yake: unapiga simu ukitoka, unapiga ukiwa Kabasha katikati ya njia, unapiga ukifika. Nilipiga ya kwanza. Kabla ya Kabasha simu ikazimika, na hapohapo wanajeshi wakasimamisha magari yote kwa sababu risasi zimesikika mbele. Tulikaa saa nne. Abiria mwenzangu alinipa simu yake kwa roho safi, nikaishika, nikaitazama, nikamrudishia, maana namba ya mke wangu Masika sikuijua kwa kichwa, ilikuwa ndani ya simu iliyokufa (miaka kumi na moja ya ndoa!). Écouteurs zenyewe zilikuwa bado zimejaa chaji.

Nilifika Beu jioni, nikakuta kiwanja changu kimejaa watu, viti vya kanisa vimepangwa, wamama wanaimba nyimbo za kilio. Nikafikiri ni mama yangu, nikafikiri ni mtoto. Nikamshika jirani mkono nikamuuliza:

"Ni nani alitutoka?"

Akanitazama kutoka viatu mpaka kichwa. "Kambale, ni wewe," akasema polepole. "Batu banakulilia wewe; tulisikia habari ya risasi, na simu yako haiiti."

Wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Masika akapita kati ya watu, macho yamevimba, akanishika uso kwa mikono miwili, akazitoa zile écouteurs masikioni mwangu moja moja.

"Mi hapana na nguvu ya kukulilia mara mbili," akaniambia.

Nikalia mbele ya wote, kwa aibu, na kwa furaha ya kumkuta mzima na watoto wazima. Mchungaji akageuza kilio kuwa sala ya shukrani, maharagwe ya waombolezaji tukayakula, na mimi nilikula sahani mbili.

Siku hizi nasafiri na waya shingoni na simu imejaa. Na kila nikitoka, Masika ananisimamisha mlangoni nitaje namba yake kwa sauti, majirani wakisikia, na nikikosea tarakimu moja siendi popote.