Njegere Zenye Sakitu

Nitasema jambo moja kwanza, ili usihangaike kunichunguza. Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, na haikuwa usiku. Ilikuwa alasiri, na mkononi nilikuwa na futi ya seremala, napima. Ninachokusimulia kilinipata mimi mwenyewe, kule Njombe, wakati huuhuu wa Waingereza. Mke wangu yuko hai hapa Makambako. Ukitaka kumuuliza, njoo umuulize.

Nilikuwa seremala wa shamba la mkonge kule Kilosa. Nilitengeneza milango, vitanda vya kambi, na masanduku ya kuzikia vibarua waliofia kazini. Shule niliiacha mapema. Kusoma michoro nilijifundisha mwenyewe jioni, na nikajizoeza kutoanza jambo kabla sijalipangia. Hata likizo niliipanga hivyo.

Mke wangu Damari alikuwa mjamzito. Homa za Kilosa zilikuwa zimekwisha kutunyang'anya mimba mbili, na daktari wa shamba hakutuficha kitu. Alisema mpeleke mahali pa baridi akapumzike, la sivyo na hii itakwenda, pengine pamoja na mama yake. Wazungu wa mkonge walikuwa wakipanda Njombe miezi ya joto na kurudi na nguvu mpya. Nikajiuliza, kwa nini baridi ile iwe ya Wazungu tu? Mimi ni Mbena, kwetu Mdandu, hukohuko Njombe. Wazazi walikwisha kufa na nyumba yao ilikwisha kuanguka, lakini baridi ile ni yangu. Nikaomba likizo wakati mvua zinaanza kupungua. Mpango wangu ulikuwa huu: Damari abaki kwanza Makambako kwa dada yake, Mama Sefania, nami nitangulie Njombe kutafuta nyumba kavu, yenye meko mazuri, isiyo mbali na maji. Nikiipata, nirudi kumchukua.

Mama Sefania alinicheka siku ileile tuliyofika.

"Shemeji, mtu mweusi gani anakwenda kupumzika milimani? Utavaa na soksi ndefu?"

"Nitavaa," nikamwambia. "Na wewe utanibebea kiti."

"Kiti jibebee. Si wewe ndiye fundi?"

Damari alicheka mpaka akashika tumbo. Asubuhi yake alinifungia viazi vya kuchemsha katika kitambaa chake cha kichwa, kile cha bluu, kilichokuwa na harufu ya mafuta yake.

"Tafuta yenye moto," akaniambia. "Mengine yote nitavumilia."

Nilipanda lori hadi Njombe. Nilifikia kwa Yeremia, fundi cherehani, tuliyebatizwa naye siku moja. Nyumba za mjini nilizozikagua hazikufaa. Nyingine ilivuja, nyingine sakafu yake ilikuwa na unyevu, na nzuri zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa na wageni wakubwa. Yeremia akaniambia nijaribu ng'ambo ya mashamba ya miti ya miwati.

"Huko nyumba zimefungwa tele," alisema. "Wenyewe wako huko kwenu, kwenye mkonge. Waulize wake zao, kama bado wanawakumbuka waume."

Nikaenda. Njiani nilikula viazi vyangu vyote, kitambaa nikakikunja mfukoni. Nilipoipita miwati, ukungu ulishuka. Wewe unayeijua Njombe unaujua ukungu ule: unauona mkono wako, mti huuoni. Nilisimama ili nisipotee, na hapo nikamwona mwanamke mbele yangu njiani, na kikapu mkononi, kama aliyekuwa akiningoja.

"Kamwene," akanisalimu.

"Kamwene, mama."

"Unatafuta pa kumlaza mkeo."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote upande ule. Lakini nilijiambia kwamba habari katika mji mdogo hutembea, nikamfuata. Ndivyo tulivyo sisi tunaopenda sababu. Tukipata moja, tunaridhika nayo.

Nyumba haikuwa mbali. Nilipiga hodi mlangoni, kwa mazoea, ingawa mwenyewe alikuwa mbele yangu. Hakusema karibu. Alisema, "Pima."

Nikapima. Niamini, sijaona nyumba ndogo iliyo safi kama ile. Sakafu ilikuwa kavu, paa halikuwa na tundu, kuni zilipangwa hadi dirishani. Mekoni moto uliwaka vizuri bila moshi. Niliinama kupasha vidole, na havikupata joto. Nikavisogeza karibu zaidi, karibu kuliko mtu mwenye akili anavyosogeza, na bado sikuhisi kitu. Nikadhani baridi ya ukungu imevitia ganzi.

Kisha nikapima kitanda. Nimetengeneza vitanda vingi, na kile kilikuwa chembamba mno kwa watu wawili. Nilipoweka futi kwa urefu, nikapima tena. Kilikuwa kimo cha Damari, na nafasi kidogo tu kichwani na miguuni. Kipimo kile nilikijua vizuri, lakini si kwa kutengeneza vitanda.

"Mama," nikasema, "hiki ni cha mtu mmoja. Mimi nitalala wapi?"

"Wewe utarudi kwenye mkonge," akajibu. Hakusema kwa hasira. "Wote hurudi. Mimi na yeye tutakaa."

Nilimwambia nitafikiri, nitampa jibu. Hakunizuia. Alinyoosha kikapu chake, kimejaa njegere mbichi katika maganda. "Mpelekee mgonjwa. Kikapu niachie."

Sasa sikiliza, kwa maana hapa ndipo nilipokosea, na mtu wa kwetu yeyote angekosea hivyohivyo. Kwetu mtu akikupa chakula ndani ya chombo chake, hurudishi chombo kitupu. Unatia hata kama ni chumvi kidogo. Sikufundishwa hivyo kwa maneno, nilikua nikimwona mama yangu akifanya. Nilimimina njegere mfukoni mwa koti, na kikapu kitupu kikabaki mikononi mwangu. Nikajipapasa. Viazi nilikuwa nimevila. Nilikuwa na futi, ambayo ndiyo mkate wangu, na kitambaa. Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe, nikakitia kitambaa cha Damari ndani ya kikapu, nikampa.

Alikiinua akakinusa. Hapo ndipo nilipomwona akitabasamu mara ya kwanza.

"Sasa nimemjua," alisema.

Nilitoka. Sikukimbia, lakini sikumbuki kutembea pia. Njiani, kwa kutojua mkono wangu unafanya nini, nilipasua ganda moja nikala njegere zake. Zilikuwa baridi hadi kwenye meno.

Nilimkuta Yeremia cherehanini. Nikamwaga njegere mezani karibu na pasi yake ya mkaa, ile nzito ya mafundi, nikaanza kumsimulia. Yeye alikuwa akinitania kwamba nimepata mchumba wa mlimani. Halafu akaikodolea macho meza.

Njegere zilikuwa nyeupe. Zilikuwa na sakitu, ule ungaunga wa baridi kali unaoua majani ya viazi mwezi wa saba. Mwezi ule haukuwa wa saba, na kando yake pasi ilikuwa inatoa cheche. Sakitu ile haikuyeyuka.

"Ulimpa nini?" aliuliza Yeremia.

"Kitambaa cha mke wangu."

Aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. "Pale hakuna nyumba, ndugu yangu. Palikuwa na nyumba. Mume aliandikishwa kwenda mkonge, akamwacha mke ana mimba. Hakurudi, wala hakutuma salamu. Baridi ilipokuja, mke hakuwa na wa kumpasulia kuni, na majirani walidhani mume amerudi, kwa sababu walikuwa wakiona moto usiku. Walipokwenda, meko yalikuwa na majivu ya siku nyingi. Na yeye alikuwa kitandani."

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi ni mshona nguo. Lakini kama ni mke wangu, nisingekaa hapa nikiuliza."

Nikazikusanya njegere zote, nikarudi mbio huku jua bado lipo nyuma ya ukungu. Nilikuwa najua ganda moja halipo. Utaniuliza kama niliogopa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, lakini si kwa ajili yangu. Nilikiona kile kitanda tu.

Nyumba haikuwapo. Palikuwa na nyasi ndefu, mafiga matatu yaliyozama nusu ardhini, na kandokando yake kitambaa cha bluu, kimetandazwa na kunyooshwa kama shuka. Nyasi zote zilikuwa zimelowa. Chenyewe kilikuwa kikavu.

Nilimimina njegere katikati ya mafiga. Nikasema kwa sauti, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine:

"Mama, chakula chako hiki. Kimepungua, nimekula mimi, si yeye. Deni hilo ni langu. Huyu ana mtu. Sirudi kwenye mkonge."

Nilishika ncha ya kitambaa nikavuta, na hakikuja. Niamini au usiniamini, kilikuwa kimeshikwa. Hakikunasa kwenye kitu. Kilikuwa kimeshikwa, kama nguo anavyoishika mtoto. Nikaelewa kwamba maneno wanaume walikwisha kumwambia mengi. Nikatoa futi yangu, ile niliyoishi kwayo kule shambani, nikailaza juu ya mafiga. Hapo kitambaa kikaja.

Kesho yake nilirudi Makambako na lori la kwanza. Mama Sefania alinipokea barabarani, na safari hii hakuwa na utani.

"Shemeji, jana jioni tulikuwa tunampoteza. Mwili ulikuwa baridi kama maji ya mtungi, na mablanketi yote ya nyumba yalikuwa juu yake. Alikuwa akisema kuna mama anamwita akalale. Halafu ghafla akatoa jasho, akaomba uji."

Niliingia ndani. Damari alikuwa ameketi karibu na meko, amechoka, lakini macho yake yalikuwa yake. Sikuwa nimemwambia mtu neno. Aliniangalia akauliza:

"Hukuichukua ile nyumba, sivyo? Ile yenye kitanda chembamba."

Nikamwambia sikuichukua.

Likizo yetu ikaishia hapo. Nilituma neno Kilosa kwamba sirudi, nikapata kazi hapa Makambako, kuunda bodi za malori. Mtoto alizaliwa wakati wa baridi, msichana, mzima. Vidole vya mkono wangu wa kulia, vile vilivyopasua ganda la njegere, havisikii joto la moto hadi leo. Nimekwisha kuviunguza mara nyingi bila kujua.

Na kuna hili, ambalo wageni wanaona nawatania. Kila mwaka, alfajiri ya sakitu ya kwanza, tunakuta kikapu mlangoni. Kitupu. Hatujui kinafikaje. Mimi nakijaza kuni kavu, nilizozipasua mwenyewe, nakirudisha palepale, na kabla ya jua kutoka kimekwisha kuondoka. Damari amekataza kitu kingine chochote kitiwe humo, na nguo za mtoto siku hizo haziachwi nje.

Malori ya vibarua hupita hapa yakishuka kwenda mkonge. Yakisimama kutengenezwa, huwa nawaeleza vijana kisa hiki, nao hucheka, kisha wanaomba niwaoneshe vidole. Nawe nakueleza vilevile. Ukikuta huko juu nyumba iliyo safi mno, yenye moto usio na moshi, pasha vidole kabla hujapima kitu kingine. Ukipewa chakula na mtu asiyekukaribisha, rudisha chombo na chochote, lakini si nguo ya mtu wako. Na kama uko mkonge, na kuna mtu ulimwacha nyumbani akikungoja, usinitumie mimi salamu nimpelekee. Panda lori, ukampasulie kuni mwenyewe, kabla ya mwezi wa saba.