Bisibisi na Spika za Mkewe

Hakuna kitu kipya kilichowahi kuingia katika nyumba ya fundi huyu wa redio kikabaki na skrubu zake kama zilivyotoka kiwandani. Birika la umeme lilifunguliwa kabla halijachemsha maji. Saa ya ukutani ilipasuliwa siku ileile iliponunuliwa, na tangu hapo inakwenda vizuri sana, ila kengele yake imekata kauli. Mtaani wanamwita Bisibisi, naye huitika bila kinyongo.

Spika mpya ndizo zinazomkosesha raha zaidi. Ndani ya kasha la spika hukaa krosova, kibao kidogo chenye koili na kapasita kinachoigawa sauti: nzito inakwenda kwenye spika kubwa ya chini, nyembamba kwenye ile ndogo ya juu, ambayo mafundi huiita twita. Bisibisi anaamini kwamba hapo ndipo viwanda hudokoa. Aliwahi kufungua kasha la kifahari akakuta krosova nzima ni kapasita moja iliyoning'inia kwa gundi kama popo. Hajasamehe.

Kwa hiyo mkewe, fundi cherehani, aliponunua spika mbili za kuwaburudisha wateja wanaosubiri sebuleni kupimwa nguo, alimwonyesha mumewe kama mama anayemtambulisha binti yake kwa kijana asiyemwamini.

"Hizi ni zangu," alisema. "Umeiona hii stika juu ya skrubu? Ikichanika, waranti ya dukani imekwenda na maji. Na mimi nataka, walau mara moja katika nyumba hii, kitu kizima."

"Sasa mama, kwani mimi nitazifanya nini?" alijibu Bisibisi, kwa upole uliopaswa kumshtua kila aliyemsikia.

Alivumilia siku kadhaa. Alizisikiliza kichwa kikiwa upande, akazigonga kwa kifundo cha kidole, akatangaza kwamba ya kushoto ina mafua.

"Mafua unayo wewe," mkewe alimwambia.

Jumamosi mkewe akatoka kupeleka nguo kwa mteja. Aliyebaki nyumbani ni mdogo wake, msusi, ambaye mashine yake ya kukaushia nywele iliombwa "mara moja tu". Bisibisi aliipuliza stika ya spika ya kushoto kwa hewa ya moto mpaka gundi ikalegea, akaibandua nzima kama ganda la nyanya iliyochemshwa.

"Shemeji," alisema msusi akiwa mlangoni, "mimi sijaona kitu. Lakini dada akiniuliza, nitakumbuka vyote."

"Nachungulia tu."

Ndani kulikuwa kuzuri kupita kiasi. Nyaya zilikuwa nene, zimefungwa pamoja zisitikisike. Koili moja ilikuwa imelazwa na nyingine imesimamishwa, zisiingiliane. Kila kiungo kimelehemiwa kikang'aa. Bisibisi alikunja uso kama mtu aliyekwenda kuamua ugomvi akakuta wenyewe wanakula sahani moja. Kisha akaona. Waya mwekundu wa twita, ambao ni chanya, ulikuwa umechomekwa upande wa hasi.

"Nimewashika!" alisema kwa sauti.

Akazigeuza nyaya, akafunga kasha, akairudisha stika. Ya pili hakuifungua. Muda haukutosha, na kwa maoni yake mwizi mmoja alitosha.

Mkewe aliporudi aliweka wimbo anaoupenda, wa mwimbaji wa kike. Alisikiliza kidogo, akaisogelea spika ya kulia, akarudi kwenye ya kushoto.

"Huyu mama leo kasimama nyuma ya mlango," alisema. "Upande huu sauti yake ina shimo katikati." Kisha, bila kugeuka: "Umeifungua."

Bisibisi alimtazama shemeji yake. Shemeji yake alikuwa anakagua dari.

"Nimeirekebisha," alikiri.

"Ilikuwa imeharibika?"

"Haikuharibika. Ilikuwa na kosa."

"Basi fungua na ya pili. Hapahapa, mbele yangu, tulione hilo kosa."

Stika ya pili haikupewa heshima ya hewa ya moto; mkewe mwenyewe aliichana kwa ukucha. Ndani, waya mwekundu wa twita ulikuwa kwenye hasi vilevile.

Bisibisi aliinamia kasha, akaufuata waya ule kwa kidole. Anajua vizuri, na huwaeleza wateja wake kila mara, kwamba krosova ya aina hii huigeuza sauti njiani, twita ikawa inavuta wakati spika kubwa inasukuma. Ndiyo maana kiwanda huzipishanisha nyaya za twita kwa makusudi, ili zote mbili zisukume pamoja. Hili halikuwa geni kwake. Raha ya kumkamata mtu ndiyo iliyompitisha mbali nalo.

"Kwa hiyo kosa lilikuwa la nani?" aliuliza msusi, ambaye hakuna aliyemwuliza kitu.

"La kiwanda halikuwa."

"Hilo si jibu, shemeji," alisema, akaenda zake jikoni kucheka.

Bisibisi alizirudisha nyaya zilipokuwa. Mkewe akamkalisha kwenye kiti katikati ya spika.

"Waranti umeila," alimwambia. "Kuanzia leo waranti ni wewe. Hizi zikikoroma, hata miaka ikipita, sendi dukani. Nakuja kwako."

Wimbo ukaanza upya. Mwimbaji alitoka nyuma ya mlango, akasimama katikati ya sebule. Bisibisi alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Ziko sawa," alisema.

"Sijasikia."

"Nimesema ziko sawa. Walifanya kazi nzuri."

"Paza sauti," alisema mkewe, "mdogo wangu yuko jikoni."