Theluji Niliyoibandika Temeke

Hata leo nikimwona mtu anakoroga gundi ya unga ili kujalidi daftari, nainuka natoka nje. Wenzangu kazini wanadhani nina maringo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani mdogo wa ghala moja karibu na bandari. Nilipanga chumba cha mbele katika nyumba ya udongo na bati huko Temeke. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kizaramo, mjane, Mwislamu. Mimi ni Mnyamwezi na Mkristo, na kwa kuwa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, tangu siku ya kwanza alinitukana kwa raha zake na mimi nikamrudishia. Nikiumwa ndiye aliyenipikia uji.

Mwaka ule nilikuwa nimepeleka posa. Binti aliishi kwa kaka yake Kinondoni, na kaka mtu alimwambia mshenga wangu kwamba jibu litatoka kwa shangazi yao. Angeshuka kutoka Tabora kwa treni kuja kula Krismasi mjini, na siku hiyohiyo, baada ya misa, angefika kuona ninapoishi. Kwetu shangazi akishasema hapana, hakuna wa kumrudi. Kwa hiyo kila kitu changu kilikuwa juu ya chumba kile.

Mtu mwenye akili angepaka chokaa, akafagia, akanunua kuku. Mimi nilikuwa na picha.

Niliitoa katika gazeti la Kizungu lililotupwa ghalani. Ilionyesha sebule ya Ulaya wakati wa Krismasi, yote nyeupe: mti mweupe, dirisha lenye theluji pembeni, theluji juu ya moko, lile jiko la ukutani la kuotea moto, kitambaa cheupe mpaka chini. Maneno ya chini niliyasoma kwa kamusi kwa jioni tatu, maana Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, na nina ugonjwa wa watu waliojifundisha wenyewe: kilichoandikwa kwenye karatasi sikitilii shaka. Nikaona kwamba shangazi akiingia katika chumba kama kile atajua mpwa wake hapewi mtu wa hivihivi.

Nilivuka Kigamboni nikarudi na tawi la mvinje begani, liwe mti wangu. Nilichana mto wangu nikatoa sufi. Nikanunua bafta nyeupe nikaitandaza darini na mlangoni. Moko sikuwa nao, nikauchora ukutani kwa mkaa na udongo mwekundu, jasho likinitiririka mpaka kwenye kope. Kisha nikapika gundi ya unga wa ngano, sufuria nzima, nikaanza kubandika theluji.

Ningeibandika mara moja ningesalimika. Lakini kila asubuhi niliiona ina kasoro. Hapa imekuwa nene, pale imelala upande. Nilipima kwa rula kwenye picha, nikabandika tabaka la pili, la tatu, la nne. Wiki mbili nzima, katika joto la Desemba, dirisha nimelifunga ili upepo usinipeperushie sufi.

Siku niliyotoa viti na jamvi nje ili nipate nafasi ya kubandika, walikuja wanawake watatu wa jirani wamejifunika kanga. Wakaketi kwenye jamvi kimya. Mmoja akaniuliza kwa upole, "Nani aliyetutoka, mwanangu?"

Sikuelewa. Mama mwenye nyumba akatoka ukumbini, akatazama bafta mlangoni, akatazama sufi kwenye vidole vyangu, akashika kiuno.

"Umetundika sanda, umechambua pamba, umetandika jamvi. Sasa maiti yuko wapi, Mnyamwezi? Au ni wewe mwenyewe, unatuhimiza tukuoshe?"

Wale wanawake walicheka mpaka mmoja akafuta machozi. Nami nilicheka, lakini moyoni niliwadharau. Niliwaza: hawa wataijulia wapi theluji? Mimi mwenyewe nilikuwa sijaiona.

Siku nne kabla ya Krismasi harufu ilianza. Kwanza ya uji uliochacha. Kisha kuvu, madoa ya kijani yaliyotokeza katikati ya weupe kama kohozi la mtu mgonjwa. Mende walikuja kula gundi. Nilipolala niliwasikia wakitafuna juu ya kichwa changu. Sisimizi walijipanga mstari kutoka chini ya mlango. Nikabandika tabaka la tano kuficha kuvu. Naandika haya na mkono unawasha. Nilijua kwamba chini kunaoza, na bado nilikuwa nafunika, tena kwa kupima na rula.

Siku yenyewe mama mwenye nyumba aliniuliza wageni watakula nini. Sikuwa nimefikiria chakula. Akanitazama, akasonya, akaenda uani kunipikia wali wa nazi na kuku.

Shangazi alikuja na kaka mtu. Mwanamke mnene, mpole, mwenye viatu vya kanisani vilivyombana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

Akaingia. Aliinua macho darini, akayashusha kwenye mvinje, akayapeleka kwenye moko. Aliketi, akatoa leso, akaiweka puani kama mtu anayejipangusa. Kaka mtu aliomba dirisha lifunguliwe.

"Kuna kitu kinanuka, baba," shangazi akasema. "Ni nini?"

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Ningesema ni gundi yangu, mambo yangeisha hapo. Badala yake ulimi wangu ulisema, "Ni huyu mama mwenye nyumba. Anaanika papa uani. Hana usafi, nimemwambia mara nyingi."

Pazia la mlango likasogea. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama pale na sinia ya chakula changu.

Akaangua kicheko. "Msikilizeni huyu! Kwao bahari hawaijui hata kwa ndoto, leo anamtambua papa kwa harufu!"

Akaweka sinia chini, akaningoja. Ilikuwa zamu yangu kumjibu tusi. Shangazi naye alitabasamu, maana utani anaujua. Neno moja tu la mzaha lingeokoa kila kitu.

Nikasema, "Sitanii, mama. Nasema kweli."

Kicheko kilimtoka usoni taratibu. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaondoka.

Shangazi hakugusa wali. Alikuwa akiufuata kwa macho ule mstari wa sisimizi, mlangoni, ukutani, mpaka pale wanapoingia ndani ya theluji juu ya moko. Akainuka na viatu vyake vinavyobana, akachukua mwavuli wake, akaibandua sufi kwa ncha. Ilitoka kama ngozi ya jipu. Chini yake alikuwako mjusi aliyenaswa na gundi, amevimba, na mabuu yakitembea ndani yake kama wali unaochemka.

Kaka mtu alikimbilia nje kutapika. Mimi nilisimama na rula mfukoni. Kilichonitia kinyaa si mjusi. Ni kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa: lile pengo nitaliziba vipi.

"Huyu ndiye papa?" shangazi akaniuliza.

Akaokota mkoba wake. Alipofika uani nilimsikia akimshukuru mama mwenye nyumba kwa chakula, akimwomba radhi kwa niaba yetu Wanyamwezi wote.

Mshenga aliniletea jibu baada ya siku tatu. Alilisema akiangalia chini. "Shangazi anasema uchafu si neno, hata yeye ameuguza na kuosha watu. Lakini anayekupikia akisingiziwa hivyo mbele ya wageni, mke atasingiziwa nini? Wamekataa."

Nilibandua kila kitu kwa kisu, nikazika uchafu ule nyuma ya choo, na bado nilinawa mikono mpaka ikachubuka. Kisha nikaenda uani. Mama mwenye nyumba alikuwa anachekecha unga. Nilimwambia yote, pamoja na ile hofu, pamoja na kwamba nilijua ninamsingizia wakati nasema. Nikamwambia wamenikataa kwa ajili ya maneno niliyosema juu yake.

Aliendelea kutikisa chekecheke.

"Basi wana akili," akasema. "Sogea, umenizibia mwanga."