Daftari la Jumuiya

Bibi yangu alizikwa bila padre kwa sababu jina lake lilikosa alama za mahudhurio kwenye daftari la jumuiya, kikundi cha sala cha majirani Wakatoliki. Nililikumbuka juzi, kwenye msiba hapa Songea, mtu alipouliza kabla hata ya kutoa pole, "Marehemu alikuwa anahudhuria jumuiya?"

Mchana ule wa msiba wa bibi, uwanja wetu ulinuka mbao mbichi za jeneza na moshi wa kuni. Mwenyekiti wa jumuiya alipekua daftari huku akilowesha kidole kwa mate.

"Miezi minane hajaonekana," alisema.

"Miguu ilimvimba, baba. Angefikaje?" mama alimjibu.

"Utaratibu ni utaratibu."

Shangazi alicheka kwa hasira. "Na wewe, alama yako ya kumtembelea mgonjwa iko ukurasa gani?"

Mimi, nikiwa bado mtoto, niliamini daftari lile limetoka kwa Mungu, na kwamba mwenyekiti hakuwa na habari tu. Basi nikakimbilia ndani, nikamletea rozari ya bibi, punje zake zimelika kwa kusaliwa kila alfajiri, sisi wajukuu tukiwa tumepiga magoti kando yake.

"Shikamoo. Alikuwa anasali hapahapa nyumbani," nilimwambia.

Alinipapasa kichwa, akafunga daftari.

Sasa najua kuwa jumuiya ndiyo iliyopaswa kumfuata kitandani, na hasira haijaniisha. Mama bado huenda kwenye jumuiya ileile kila Jumamosi, iwe mvua, iwe jua. Sijui kama anakwenda kusali au anaogopa kuzikwa kama bibi. Nimemuuliza mara mbili, na mara zote mbili amejifunga kanga akatoka kwenda.