Nahodha wa Nyambizi wa Oakdale

Miaka ile nilikuwa nakaa Hopkins, kitongoji cha Minneapolis kule Marekani, kwenye jengo la zamani la matofali ambalo mabomba yake yaligonga kutwa kucha wakati wa baridi. Mume wangu alikuwa ametangulia kurudi Dodoma. Tulikubaliana nimfuate mkataba wangu ukiisha. Mkataba ukaisha, nikatia saini mwingine, naye hakuuliza. Kazi yangu ilikuwa kupima masikio ya watu katika zahanati moja ya Oakdale, upande wa pili kabisa, kwa hiyo kila asubuhi nilivuka Minneapolis na Saint Paul peke yangu ndani ya gari, na jioni nikarudi vivyo hivyo. Kiswahili nilikisema Jumapili, kanisani, na hata huko watoto wa wenzangu walinijibu kwa Kiingereza.

Mzee yule alikuja majani yalipoanza kupukutika. Alikuwa mrefu, amenyooka, amevaa tai, umri wake umevuka themanini. Mkewe alikuwa amefariki, na binti yake wa pekee aliishi Arizona. Ndiye aliyempangia miadi.

Nilimuuliza swali ninalowauliza wote: "Umewahi kufanya kazi kwenye kelele nyingi?"

"Injini za dizeli," alisema kwa lafudhi ya Kijerumani.

"Za kiwandani?"

"Za nyambizi. Nilikuwa nahodha, wakati wa vita."

Aliyasema hayo kama mtu anayetaja anwani yake. Nikaandika "dizeli" nikaendelea kumpima. Nikamchagulia mashine za masikio, nikamfundisha kubadili betri, akaondoka.

Baada ya wiki kadhaa alirudi, akaziweka mezani kwangu.

"Zina ubovu gani?" nikamuuliza.

"Hazina ubovu. Nasikia friji. Nasikia mabomba ukutani. Meli ikizama, daktari, waliomo ndani ya nyambizi huisikia. Maji yakishaielemea, kuta zake za ndani hupasuka, moja baada ya nyingine, huku inashuka. Hakuna haja ya chombo chochote. Sauti inapita kwenye chuma. Nyumba yangu sasa inafanya hivyo."

Nilipunguza sauti nzito nzito kadiri mashine zilivyoruhusu, nikamrudishia. Hakuinuka.

"Unatoka Afrika," alisema.

"Tanzania."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama aliyetaka kuongeza neno akaliacha.

Theluji ilikuwa imeanza, na jirani aliyemleta alikuwa amekwisha kuondoka. Kwa kuwa sikuwa na anayenisubiri nyumbani, nilimpeleka mwenyewe. Akanikaribisha chai. Tangu siku hiyo ikawa desturi: Ijumaa nikitoka kazini napita kwake, tunakunywa chai jikoni. Yeye huongea, mimi husikiliza.

Alinisimulia bila kujisifu na bila kujitetea. Alikabidhiwa nyambizi akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akapelekwa bahari ya Atlantiki, magharibi ya Freetown huko Afrika Magharibi, kuvizia meli za mizigo. Alizamisha kadhaa. Kisha akaugua ini, akalazwa hospitali nchi kavu, na nyambizi yake ikapewa nahodha mwingine. Ilitoka bandarini na watu wake wote, haikurudi. "Mpishi, fundi wa injini, wote," alisema. "Mimi nilikuwa kitandani, ngozi ya manjano, nakula supu."

Vita vilipokwisha Waingereza walimfunga. Alipoachiwa alizoa vifusi Hamburg, akasafisha matofali kwa nyundo ili yajengewe upya. Miaka ikapita, serikali mpya ikaunda jeshi la majini, ikamwita aje afundishe vijana. Akavaa sare tena. Hakudumu.

"Kwa nini uliacha?"

"Waliniita mwenye uzoefu. Nikiwatazama usoni, niliona watu wangu wale wale. Umri ule ule."

Mkewe alikuwa na shangazi Saint Paul. Wakahamia huku, akapata kazi bandari ya mtoni kule Savage, kupanga matishari ya nafaka. Alikuwa ameshazeeka kazini ndipo mwenzake mmoja alipomwambia kwamba wakati wa vita, ukingo ule ule ulikuwa karakana ya meli: Wamarekani waliunda pale meli za mafuta, wakaziteremsha mtoni hadi baharini. Alikwenda kumweleza mkewe. Mkewe akamwambia ale kwanza.

Ijumaa moja, katikati ya baridi, aliniambia alichokuwa anakizungukia tangu mwanzo.

Kulikuwa na meli moja. Baada ya kuizamisha alipandisha nyambizi juu akaikaribia mashua ya kuokolea watu. Wakati huo ilikuwa bado inaruhusiwa, baadaye waliamriwa wasifanye hivyo. Ndani mlikuwa na Waafrika watupu, wachochea makaa. Aliwapa maji ya kunywa na kuwaonyesha upande wa nchi kavu. Mmoja wao akasimama, akamwambia jambo moja, mara mbili, akimtazama. Hakuna aliyelifahamu.

"Nimelishika mpaka leo," alisema. "Kila siku kwa siku nyingi nililirudia ili nisilisahau. Unaweza kunisaidia?"

Akavua miwani, akatamka. Yalikuwa maneno mafupi, matano au sita. Niliinama nikasikiliza kwa masikio yote. Sijawahi kutamani kitu kiwe Kiswahili kama nilivyotamani siku ile. Nilitafuta hata neno moja, hata kiambishi. Hakuna kitu.

"Mzee, mimi ni wa mashariki," nilimwambia. "Hao walikuwa wa magharibi. Ni mbali sana."

"Samahani," alisema. "Nilidhani labda."

Ndipo nikamkumbuka mama wa karani wetu wa mapokezi. Alikuwa Mliberia wa kabila la Wakru, na kwao wanaume wengi walikuwa mabaharia. Jumamosi moja nikampakia mzee garini hadi kwake Brooklyn Park. Alikuwa amevaa koti lake zuri na kunyoa hadi akajikata. Mama yule alitupokea kwa heshima, akatupa wali na mchuzi wa majani ya viazi. Nilikuwa nimekwisha kumweleza mgeni ni nani. Alimwacha ale kwanza.

Mzee akatamka maneno yake. Mama akafumba macho.

"Rudia."

Akarudia. Mama akajaribu kuyasema yeye, kwa namna mbili tatu, kama anayejaribisha funguo kwenye kufuli.

"Nasikia maji," alisema mwishowe. "Neno moja tu, maji. Mengine siyajui."

"Maji niliwapa," mzee alisema upesi.

"Basi labda alikushukuru. Labda alitaka zaidi. Labda alikuwa anakuambia nani yumo majini." Hakusema kwa ukali. "Mimi sikuwepo, baba."

Njiani tulipokuwa tunarudi, mzee alizitoa mashine masikioni, akaziweka mfukoni. Nilimwambia jambo kuhusu barabara, hakusikia. Tulipofika Oakdale, mlangoni alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaingia ndani.

Tulikunywa chai Ijumaa chache tena, lakini hakuyataja tena yale maneno. Barafu ilipoanza kuyeyuka maziwani, binti yake alipiga simu zahanati kufuta miadi yake. Mzee alikuwa amefariki usingizini, na angezikwa Arizona. Nilimshukuru kwa kutuarifu. Ijumaa ile nilipotoka kazini nilijikuta nimekata kona ya mtaa wake, ikabidi nigeuze gari.

Kiangazi nilikutana na yule mama kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, anachagua viazi vikuu. Kabla hata ya salamu kwisha akaniambia, "Nilimpigia kaka yangu Monrovia, nikamtamkia yale maneno. Anasema si Kikru. Anasema hata hilo la maji nimejitungia. Mwambie mzee wako."

Nikamwambia hayupo tena.

"Ooh. Pole, mwanangu." Alirudisha kiazi alichokishika, akachukua kingine. "Na wewe, Jumamosi unakula na nani?"

"Sina mtu, mama."

"Basi beba huu mfuko," alisema, "twende."